Madigadi ya Kushoto

Kibonyeo kilikuwa kwenye madigadi ya nyuma, upande wa kushoto, kidogo kama punje ya dengu, na kidole gumba changu kilikipitia mara mbili kabla sijaamua kwamba ni kasoro ya kiwandani. Plastiki ikimiminwa kwenye kalibu ingali moto, hunywea inapopoa na kuacha vishimo vya namna hiyo. Kila mtu anayeunda magari na ndege ndogo za plastiki anavijua na anavichukia. Dawa yake ni puti kidogo ya kuvijazia, subira mpaka ikauke, kisha msasa laini wenye maji hadi kidole kipite bila kukwama. Nilifanya hivyo bila haraka, redio ikiwa wazi, huku nikipiga mluzi. Mluzi ule naukumbuka kuliko kitu kingine chochote, na kila nikiukumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Gari lenyewe halikuwa langu. Alilileta mdogo wangu Jumatatu moja, ndani ya boksi la viatu, akiwa amelizungushia taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Kaka, usinicheke," alisema kabla hajalifunua.

"Sijasema kitu."

"Pua yako imeshasema."

Lilikuwa gari dogo la saluni, la kijivu, milango minne, urefu wa kiganja. Gundi ilikuwa imechuruzika pembeni mwa madirisha. Rangi ilipakwa kwa brashi nene, ikaacha michirizi juu ya paa, na ule mstari wa fedha wa ubavuni ulikuwa umeyumba kama mwandiko wa mtu aliye safarini. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limeng'oka. Alikuwa amelidondosha aliposhuka kwenye basi akinijia.

"Ni la baba," aliniambia. "Lile gari lake. Nimelitengeneza vile lilivyokuwa. Miezi mitano, kaka, na vidole vyangu hivi unavyovijua. Wewe nifungie gurudumu tu. Usiguse kingine."

"Hata hii gundi?"

"Hata hiyo. Nakujua wewe, ukishashika kitu hukiachi."

Nikamwapia. Tukanywa chai, akanipa habari za baba, ambaye anaishi kwake tangu presha ya macho ilipomwachia giza tupu, kisha akaenda zake. Mdogo wangu ana miaka hamsini na minne, ni mkuu wa maktaba, ana wajukuu wawili, na bado ukoo mzima unamwita Breki. Hata mimi namwita hivyo. Siku ile nilimsindikiza hadi mlangoni nikamwambia, "Haya Breki, salimia mzee," na wala sikusikia chochote moyoni.

Mimi nilikuwa fundi wa meno ya bandia kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kumfanya mtu asahau kwamba aliwahi kuwa na pengo. Nililinganisha rangi ya jino na jirani yake mpaka hata mwenyewe, akijitazama kwenye kioo, hakujua lipi la Mungu na lipi la kwangu. Nilipostaafu, mikono ilikataa kupumzika, ndipo nikaingia kwenye hizi plastiki. Watu huniletea ndege zilizovunjika mabawa na malori yaliyopauka juani, nami huyarudisha kama yalivyotoka dukani. Nasifiwa sana kwa hilo, na sifa, niseme ukweli, zimenivimbisha kichwa.

Gurudumu lilinichukua dakika ishirini. Ningeweza kulirudisha gari kwenye boksi na kwenda kulala mchana. Lakini nilipolishika kwenye mwanga wa taa ya mezani, zile alama za brashi zilinikera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Nikajiambia nikwangue gundi tu. Nikakwangua gundi, kioo kikatoka. Kwa kuwa kioo kimeshatoka, nikajiambia mstari wa fedha nao uguswe kidogo. Kufumba na kufumbua, gari lilikuwa limelala kwenye beseni la mafuta ya breki, ambayo hula rangi bila kuidhuru plastiki, na miezi mitano ya mdogo wangu ikawa tope la kijivu chini ya beseni. Hapo ndipo nilipokiona kibonyeo, nikakitibu.

Mke wangu aliingia siku niliyokuwa nikipiga rangi ya mwisho. Alisimama nyuma yangu.

"Si uliombwa ufunge gurudumu?"

"Nimelifunga."

"Umefunga gurudumu ukabadilisha gari," alisema, akatoka.

Nikadhani ni maneno ya mtu asiyejua ufundi.

Jumapili mchana nikalipeleka kwa Breki. Alinipokea barazani, akafungua boksi pale pale, akiwa amesimama. Rangi ilikuwa inang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Nilisubiri mshangao, na mshangao nikauona, ila haukuwa ule niliouzoea. Hakutazama paa, wala mstari wa fedha. Aliligeuza gari, akaupeleka uso wake karibu na madigadi ya nyuma ya kushoto, akapitisha kidole. Akapitisha tena.

"Nilikitengeneza kwa kijiko cha moto," alisema polepole. "Niliharibu madigadi tatu kabla sijakipata vizuri."

Hapo ndipo nilipojua nilichokijaza.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, yeye kumi na mitatu. Baba alikuwa amejipumzisha baada ya chakula cha mchana, na ufunguo wa gari ulikuwa mezani. Ng'ambo ya barabara alikaa binti wa fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa amekaa nje. Nikawasha gari, mdogo wangu akarukia kiti cha pembeni, akicheka. Nikarudi nyuma kwa mbwembwe hadi madigadi ya kushoto ikabonyea kwenye nguzo ya zege ya tangi la maji. Mlio ule ulimtoa baba ndani akiwa peku, na alipofika sisi tulikwisha shuka.

"Nani?" aliuliza.

Nilikuwa nayafikiria maneno, naapa nilikuwa nayafikiria, mdogo wangu alipojitokeza mbele. "Ni mimi, baba. Nilichezea breki ya mkono, likaserereka." Baadaye, tulipobaki wawili, alinieleza kwa sauti ya mtu aliyepiga hesabu zake: "Wewe una mtihani wiki ijayo. Mimi sina kitu."

Baba hakuwa mtu wa fimbo. Alisema tu kwamba mtoto huyu hatapanda gari lake mpaka mwaka uishe, na shule ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Gari nalo alikataa kulinyoosha. "Libaki hivyo," alisema. "Kila akiliona, akumbuke." Kila Jumamosi alilisugua kwa nta, na kidole chake kikifika pale kwenye kovu kilitulia kidogo kabla ya kuendelea.

Nilimwahidi mdogo wangu kwamba nitasema ukweli mtihani ukiisha. Kisha nikasema matokeo yakitoka. Kisha nikipata kazi. Baba akamwita Breki kwa hasira, halafu kwa mzaha, halafu kwa mapenzi, na ile aibu ikageuka kisa cha kuchekesha wageni. Siku ya harusi ya mdogo wangu, mimi ndiye niliyesimama nikakisimulia mbele ya wakwe zake, nikatia na chumvi: jinsi alivyohangaika na ile breki, jinsi alivyokimbilia nyuma ya tangi. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Yeye alicheka pamoja nao, akaniinulia glasi. Ukisimulia uongo kwa miaka arobaini, mwisho unauona kwa macho yako. Mimi nilikuwa namwona kabisa, mkono wake mdogo umeshika breki. Kwa hiyo nikisema nilisahau, sisemi uongo, na wala sisemi kweli. Kidole changu kilipita pale mara mbili, na nafsi ikachagua kuita kasoro ya kiwandani.

"Breki," nilianza. "Mdogo wangu. Nipe wiki moja nikirudishe. Nitakirudisha kilivyokuwa."

"Mzee amekaa tangu asubuhi anangoja. Nilimwambia leo." Alilirudisha gari ndani ya taulo. Hakuwa amekasirika, na hilo liliniumiza zaidi. "Twende tu, kaka."

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, shati limefungwa hadi shingoni. Aliposikia hatua zetu alinyoosha viganja vyote viwili, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji.

Breki akamwekea gari mikononi.

Sijawahi kuona vidole vikifurahi, ila siku ile niliviona. Vilianzia kwenye boneti, vikapanda kioo cha mbele, vikahesabu milango. "Antena," alisema baba, "antena ilikuwa upande huu. Aa, hii hapa. Mtoto mbaya wewe, umeikumbuka antena!" Alicheka mpaka akakohoa. Vidole vikapita juu ya paa, vikatelemka nyuma, vikaambaa kushoto.

Vikasimama.

Vikaenda mbele, vikarudi. Kidole gumba kilikuwa kikisugua mahali pamoja, polepole, na uso wake ukaanza kufifia.

"Hapa pamekwenda wapi?" aliuliza.

"Ni zuri," alisema, huku akilisogeza kwenye mapaja yake kana kwamba anataka kulirudisha kwa mwenyewe. "Ni zuri sana. Lakini hili si langu."

"Ni mimi, baba," alisema Breki. "Nilikuwa nimelitengeneza na kovu lake, halafu mwishoni nikaona vibaya, nikalijaza. Nisamehe."

Baba akatikisa kichwa, akatabasamu kwa uchovu. "Wewe tena. Breki, Breki. Hata cha plastiki hukukiacha salama."

Mdogo wangu hakunitazama. Hakuwa na haja. Alikuwa amelisema kwa wepesi ule ule wa miaka kumi na mitatu, bila kusitasita, kama mtu anayeokota kitu cha mwenzake kilichodondoka. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mzee wa miaka hamsini na minane, mwenye mvi na wajukuu, nikiyafikiria maneno.

"Baba, si yeye," nikasema.

"Si yeye nini?"

"Aliyejaza ni mimi. Aliniomba nisiguse, nikagusa."

Ningeweza kuishia hapo. Lilikuwa kosa la ukubwa wa kubebeka, na baba alikwisha kuinua mkono kulifuta. Breki alinikazia macho, akatikisa kichwa mara moja. *Acha.* Lakini nilijua kwamba nikifunga mdomo sasa, sitaufungua tena, na mmoja wetu atazikwa nalo.

"Na ile siku ya nguzo," nilisema, "aliyekuwa kwenye usukani ni mimi. Breki ya mkono hakuna aliyeigusa. Nilikuwa narudi nyuma nikijionyesha, nikagonga. Yeye alisema ni yeye kwa sababu nilikuwa na mtihani. Nami nikamwacha."

"Nani alikuomba?" mdogo wangu alininong'oneza, na kwa mara ya kwanza nilisikia hasira yake. "Miaka yote hii, kaka, leo ndiyo umeona siku? Mwangalie alivyo."

Nilimwangalia. Nilikuwa nimelitua zigo langu, na nilikuwa nimelitua juu ya mapaja ya mzee kipofu. Baba hakuwa amekasirika. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama ya mtu anayejumlisha.

"Tangu mwezi wa tatu," alisema mwishowe, akimgeukia Breki, "mpaka shule zikafungwa."

"Ilikuwa zamani, baba."

"Kwenda na kurudi."

"Nilizoea. Nilikuwa na wenzangu njiani."

"Na mvua?"

"Nilikuwa na mwavuli."

"Hukuwa na mwavuli." Sauti ya baba ilikuwa imekauka. "Nyumba ile ilikuwa na mwavuli mmoja, na ulikuwa unakaa kwenye gari."

Breki alipiga magoti kando ya kiti, akamshika mkono. Mimi nilibaki nimesimama ukutani. Baba akainua uso, akauelekeza kwangu, akakosea kidogo, akawa anaongea na pazia.

"Wewe," alisema.

"Naam, baba."

"Asubuhi zile, tukimpita njiani. Ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikamjibu.

"Mbele, baba."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Na mimi pia," alisema.