Kipimo cha Kisu

Siku Gladness, dada wa mazoezi ya viungo, alipotuuliza tupime nini ili tujue mgonjwa anapona, mume wangu alijibu kabla yangu.

"Kisu."

Ulimi wake ulikuwa bado mzito, lakini neno hilo lilitoka safi. Kabla ya kiharusi, Sadallah alikuwa mchinjaji wa kuku pale sokoni Tandale. Wanawake wa mtaa wetu wakiwa na kuku huhangaika kutafuta mwanamume wa kuwachinjia. Mie tangu niolewe sijawahi kutoka mlangoni na kuku mkononi. Sasa mkono wa kulia ulikuwa umepooza, na mdogo wake Badru ndiye aliyekuwa akichinja bandani kwake sokoni. Badru alikuwa ameshamwambia mbele ya watu: "Braza, siku utakayochinja kuku mbele yangu, kesho yake unarudi bandani."

"Kisu hapana, mzee," Gladness akasema. "Tuanze na mambo ya nyumbani. Mama, wewe ungependa nini?"

"Mie nataka ale mwenyewe. Ashike kijiko. Nimechoka kumlisha mtu mzima na kumfuta mate, sikufichi."

Sadallah alinitazama kana kwamba nimemvua nguo hadharani. "Kijiko cha watoto," akasema. "Mie mchinjaji."

Basi ikawa si kisu wala kijiko. Gladness alileta ubao wenye matundu na vijiti vya kuhamisha kimoja kimoja, akawa anapima kwa saa ya simu yake. Mwanamume aliyechinja kuku wa harusi za Tandale nzima, leo anachezea vijiti kama mtoto wa chekechea! Iliniudhi kutazama. Lakini alivihamisha kwa hasira, jasho likimtiririka, na kila Gladness alipokuja alimkuta ana kasi zaidi.

"Mzee, unaendelea vizuri sana!" alisema, na kweli alifurahi.

Gladness alikuwa akipima vijiti. Sadallah moyoni alikuwa akipima kisu. Nililiona hilo nikanyamaza, maana tangu augue ndiyo kwanza nilikuwa namwona akicheka.

Ijumaa moja baada ya swala akamwita Badru nyumbani, akaniagiza jogoo. Tulikaa uani. Mie nilishika mabawa na miguu, yeye akavuta shingo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukashika kisu chake cha siku zote.

"Bismillahi, Allahu Akbar," akasema, bila kukwama hata kidogo.

Kisu kiliingia. Halafu vidole vikaachia vyenyewe, kisu kikadondoka miguuni pangu.

Nilishtuka, jogoo akanichomoka. Akakimbia uani shingo imekatika nusu, akigonga ndoo na ukuta, damu ikirukia nguo nilizokuwa nimeanika. Badru akamkimbiza. Alipomfikia mlangoni pa choo, jogoo alikuwa ameshakufa. Kuku wa namna hiyo ni kibudu, haliwi.

"Mkono umeteleza tu, braza," Badru akasema. "Siku nyingine utajaribu tena."

Hakumtazama usoni. Alimtia jogoo kwenye mfuko wa taka, akaondoka naye, na habari ya banda hakuigusa. Sadallah alibaki ameukodolea macho mkono wake. Nikazianua zile nguo, nikazifua upya zote kwa hasira, hata ambazo hazikuguswa na damu.

Gladness alipokuja tena, alitoa ubao wake huku anatabasamu. Sadallah akausukuma pembeni.

"Mama Munira," akaniambia, "lete kijiko."

Miezi yote hiyo nilikuwa nimekililia kijiko hicho. Nilikwenda jikoni kukichukua, nikajikuta nimesimama mbele ya kabati nalia, namtamani yule mbishi wangu aliyetaka kisu. Nikajifuta kwa kanga, nikarudi na kijiko na bakuli la uji.

Sadallah akachota. Mkono ulitetemeka, lakini uji ulifika mdomoni na haukumwagika.

"Safi sana, mzee!" Gladness akapiga makofi.

Sadallah alimeza, akakirudisha kijiko ndani ya bakuli, akanigeukia.

"Idi ikifika," akasema, "kuku mpelekee Badru."