Zinazobaki

Kila Alhamisi jioni mkunga mstaafu alipangusa meza yake ya chakula, akatandika kitambaa cha kijani na kuchanganya karata. Walicheza briji wanne, wawili kwa wawili: mkunga na kaka yake aliyeitwa Kipara, dhidi ya mpima ardhi na mkewe. Kipara alikuwa na nywele tele. Jina lilimng'ang'ania tangu utotoni, aliponyolewa kwa sababu ya chawa. Mke wa mpima ardhi alikuwa ameunganisha simu za watu hadi alipostaafu, na sasa mkono wake wa kushoto ulikuwa hauonekani.

Ulianza kupotea kwenye kiwiko, msimu wa mvua uliopita.

"Dada, leo naona mpaka mbao za kiti," mkunga alimwambia akimmiminia chai.

"Umeshapotea hadi kupita bega."

"Pole, jamani. Nikuongezee sukari?"

"Kidogo tu."

Mumewe, mpima ardhi, alikuwa bingwa wa kuzuia. Katika briji mchezaji mmoja hulaza karata zake wazi, mwenzake akazichezesha, na wale wawili wa upande wa pili huzuia bila ruhusa ya kuambiana walichonacho. Mpima ardhi hakuhitaji kuambiwa.

"Kila aina, iwe kopa, uru, pau au shupaza, ina karata kumi na tatu," alipenda kueleza. "Natoa zangu, natoa zilizolala mezani, natoa za Kipara. Zinazobaki ndizo za mke wangu. Sina haja hata ya kumtazama."

Na kweli hakumtazama. Nyumbani pia alimpata kwa kutoa: kama hayupo sebuleni, na chumbani kimya, basi yuko jikoni. Hesabu haikuwahi kumdanganya, na mkewe akazidi kufifia. Hakusikia maumivu. Alikuwa mpweke tu, na laini ya simu iliyokufa aliifahamu vizuri kwa sababu ya kazi yake.

Alhamisi hiyo alipiga moyo konde. Zamu ilikuwa ya Kipara kuchezesha, karata za dada yake zimelala wazi. Mpima ardhi akacheza pau. Mkewe alikuwa na pau tatu, na sheria inamtaka mwenye pau atoe pau. Yeye akatupa uru. Hesabu ikiharibika, aliwaza, itabidi mume wangu ainue macho.

"Huna pau?" mumewe aliuliza, macho kwenye karata zake.

"Sina."

Mchezo ukaendelea. Pau za mezani zikaisha, za Kipara zikaisha. Mpima ardhi akasita, akahesabu upya huku midomo ikimcheza.

"Zangu tano, za mezani tatu, za Kipara mbili. Kumi. Pau tatu ziko wapi?"

Mkewe akaketi wima. Akaweka karata chini, akajitengeneza nywele kwa mkono uliobaki. 

Mpima ardhi akainua macho. Akamtazama Kipara, akamtazama mkunga, kisha akatazama sakafuni. Akainama chini ya meza na kupapasa zulia. Mkono wake ukapenya magoti ya mkewe kama hewa, ukaendelea kutafuta.

"Jaribu na chini ya kabati," Kipara alimshauri.

Mkewe akazilaza zile pau tatu mezani. "Ninazo mimi."

Mpima ardhi akaibuka na vumbi puani. Alipoziona karata, uso ulimkunjuka.

"Kumi na tatu! Nilijua tu. Zisingeweza kuwa kwingine."

Upande wao ukatozwa adhabu, naye akaipokea bila kinyongo, maana hesabu ilikuwa imetimia. Mkunga alitupia jicho kiti cha mke wa mpima ardhi.

"Dada, sasa naiona saa ya ukutani yote."

"Ni saa ngapi?" sauti iliuliza kutoka kitini.

"Saa mbili kasorobo."

Walipoaga, mvua ilikuwa inanyesha. Mkunga akampa mpima ardhi mwavuli.

"Ni mmoja tu, na nyie mko wawili. Mbanane."

"Wawili," alikubali, kwa ile sauti yake ya kuhakiki hesabu. Akaufungua, akasimama katikati yake.

Njia nzima alieleza jinsi ambavyo angezijua zile pau tatu hata bila kuonyeshwa. Mkewe alitembea pembeni, kwenye mvua, akiitikia "ndiyo" kila mumewe alipopumua. Hakulowa.