Vivuli Vilivyotoka Saa Tisa

Alasiri moja ya Novemba 1995, Zacheus Kipkurui, mwalimu mstaafu wa jiografia, alisimamisha kipande cha nondo katika uwanja wa kanisa pale Kimulot, akamwaga saruji kukizunguka, kisha akaketi juu ya ndoo na redio yake. Redio ilipotoa mlio wa saa tisa, alididimiza msumari mahali ncha ya kivuli ilipofika.

Saa hiyo ya jua ilikuwa imeombwa na wachuna chai. Shamba la kampuni lilipakana na uwanja wa kanisa, na mkataba ulisema kazi inaisha saa tisa. King'ora ndicho kilichowaruhusu kutoka, na wote waliona kinachelewa. Saa za mkononi zilikatazwa shambani; meneja alisema zinachafua majani. Walipomwambia kwamba redio za nyumbani zinasema vingine, alijibu kwamba redio ni za Nairobi.

"Basi mwalimu, tutamletea jua," Rebeccah, mmoja wa wachuna chai, alimwambia Zacheus. "Hilo si la Nairobi."

Rebeccah alikuwa na haraka kuliko wengine. Mama yake, Jerusa, alikuwa na kifafa, na mara nyingi kilimshika alasiri akiwasha moto. Jirani yao Priscillah alikaa naye mpaka saa tisa na robo, kisha akaenda kukamua ng'ombe. Kutoka shambani hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa. Kazi ingeisha kwa wakati, mama asingebaki peke yake hata dakika moja.

Februari meneja alikuja mwenyewe, akasimama kando ya nondo, mikono mfukoni. King'ora kililia. Dakika ile ile kivuli kikagusa msumari.

"Mwalimu, hata jua lako liko upande wetu," alisema, akamshukuru na kuondoka.

Wiki hiyo hiyo Jerusa alianguka motoni. Priscillah alikuwa ameondoka kwa wakati wake. Rebeccah alipofika, mkono wa kushoto wa mama ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko. Alilazwa katika hospitali ya Longisa wiki tatu.

Zacheus alienda kumwona na kilo mbili za sukari. Aliketi pembeni ya kitanda bila kuvua kofia.

"Mama, ni mimi nimekosea," alisema. "Nilichukulia jua kama kitu kimoja mwaka mzima. Kumbe linaenda kaskazini, linarudi kusini, na kuna miezi linawahi na mingine linachelewa. Msumari niliuweka Novemba, na Februari jua linafika pale pale nusu saa baadaye. Hiyo nusu saa ndiyo king'ora kinaiba. Nimeisaidia kampuni kuificha."

"Sasa utafanya nini?" Jerusa aliuliza.

"Nitalifuata mpaka limalize mzunguko."

Alivunja saruji ya zamani, akamwaga nyingine, na kila siku redio ilipolia saa tisa aliweka msumari mpya na kuandika tarehe kwa rangi. Siku za mvua aliziacha wazi, akaziunga baadaye kwa uzi. Watu wa kanisa walimzunguka wakienda kwenye mazishi na harusi. Kufikia Machi 1997, misumari ilikuwa imechora tarakimu ya nane nyembamba iliyoinama kidogo, tumbo lake la kaskazini likiwa kubwa kuliko la kusini.

Siku ya kwanza ya nane hiyo kutumika ilikuwa Jumanne, na kulikuwa na jua. Kivuli cha nondo kilipogusa msumari wa tarehe ile, vivuli vya wachuna chai wote mia moja na arobaini vilinyoosha migongo, vikatua vivuli vya vikapu katikati ya mistari, vikatoka kwa foleni. Miili ilibaki ikichuna. Rebeccah aliona chake kikiruka mtaro bila kushika gauni.

"Vinaenda wapi?" Nelvine, aliyekuwa mstari wa pili, aliuliza.

"Nyumbani. Saa imefika."

Nyapara wao, Kipkemoi, alihesabu watu, akaandika kwenye daftari: wafanyakazi wapo, vivuli havipo. Baada ya siku mbili ofisi ilimjibu kwamba mkataba hautaji vivuli.

Rebeccah alifika nyumbani saa kumi kasoro robo, akihema. Jerusa alikuwa ameketi sakafuni, mbali na moto, kichwa chake juu ya blanketi iliyokunjwa. Kivuli cha Rebeccah kilikuwa kimechuchumaa kando yake. Kilipomwona Rebeccah kilisogea, kikarudi miguuni pake.

"Kifafa kilinishika tena," mama alisema. "Lakini ulinivuta ukaniweka hapa. Mkono wako ulikuwa baridi."

"Nilikuwa bado shambani, Mama."

"Najua. Ndiyo sababu hukusema kitu."

Rebeccah alikagua mikono ya mama, mmoja baada ya mwingine, na nywele zake, na ncha za leso yake. Hapakuwa na palipoungua. Aliketi hapo chini, akalia mpaka machozi yakaisha, kisha akasonga ugali.

Wazee wa kanisa walimwita meneja aje aone ile nane. Safari hii alileta saa mbili za mkononi, akapiga magoti kwenye saruji, akalinganisha kwa siku tatu.

"Ni sahihi kabisa," alimwambia Zacheus. "Hata saa ya ofisini haiko hivi. Lakini kampuni inafuata king'ora."

Vivuli viliendelea kutoka saa tisa. Watoto wa wachuna chai walizoea kufunguliwa mlango na kivuli kwanza, na Priscillah alizoea kukiachia Jerusa bila maneno mengi. Siku za mvua hakuna aliyeviona vikiondoka, ila Jerusa alisema mlango ulifunguka wakati ule ule.

Rebeccah aliacha kutazama njia ya nyumbani. Alichuna mpaka king'ora kilipolia saa tisa na nusu, akapima majani yake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akarudi nyumbani akitembea polepole.