Alama ya Kisigino

Kuna kitu ambacho kila kipa hukifanya na mashabiki hawakioni. Kabla kipenga hakijalia, unashika nguzo ya goli, unahesabu hatua nne, unageuka, halafu unachimba mstari mdogo chini kwa kisigino cha kiatu. Hapo ndipo katikati. Baadaye utatoka kufuata krosi na kurudi kinyumenyume huku macho yako yako kwenye mpira, na hutakuwa na nafasi ya kugeuka kutafuta nguzo ziko wapi. Unapapasa kwa mguu, unaukuta mstari wako, unatulia. Miaka kumi na sita nimelisha familia kwa mstari huo, na watu wakadhani ni kipaji.

Waliniita Komeo. Mwanzoni nilivimba kichwa kwa jina hilo, baadaye nikalizoea kama mtu anavyozoea kiraka kwenye suruali. Kazi nyingine sijui. Shule niliiacha mapema kwa ajili ya mpira, na siku nikivua glovu nitakuwa mtu mzima mwenye vidole vilivyopinda, basi.

Miezi saba kabla ya siku ninayoisimulia, mshambuliaji mmoja alinipiga goti usoni nikiwa nimeulalia mpira. Nikainuka, nikapangusa damu, nikacheza hadi mwisho, uwanja mzima ukanishangilia. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi. Wiki chache baadaye jicho la kushoto likaanza kuingia ukungu, kama dirisha la jikoni sufuria inapochemka.

Aliyegundua kwanza ni mama watoto. Yeye ni fundi wa kushona, jicho lake halipitwi na uzi uliokaa vibaya. Asubuhi moja aliniona nikimimina chai kando ya kikombe, taratibu, kwa makini kabisa, hadi ikafika ukingoni mwa meza. Hakupiga kelele. Alipangusa meza, akavaa viatu, akanipeleka kwa daktari wa macho upande wa pili wa mji, kwa mama mmoja mpole asiyejua kona wala penalti. Huyo alisema utando wa ndani ya jicho umeanza kubanduka. Unaweza kurudishwa kwa upasuaji, lakini niache mpira siku hiyohiyo, na mahali hapo nisiguswe tena. Pigo moja zuri, alisema, na hata yeye hataweza kunisaidia.

Siku hiyohiyo! Zilikuwa zimebaki mechi sita, timu yetu inaning'inia mkiani mwa ligi, na mkataba wangu unaisha na msimu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameniahidi mbele ya kocha kwamba tusiposhuka daraja nitaongezewa mwaka mmoja. Nilimwomba mke wangu anivumilie mechi hizo sita tu. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka gauni la harusi kesho, kisha akaniwekea miadi ya upasuaji Jumatatu baada ya mechi ya mwisho, na akaniapia kwamba atanifikisha huko hata kwa kuniburuta.

Klabuni alijua mtu mmoja tu, beki wetu wa kushoto, Shoka. Tumecheza pamoja miaka tisa, tumelala vyumba vimoja safarini, watoto wangu wanamwita baba mdogo. Tulipanga hivi: mpira ukija kutoka kushoto, yeye anapaza sauti, "njoo" au "kaa", nami natii bila kuuliza. Mpira ukiwa kulia ananyamaza, kwa kuwa upande huo naona mwenyewe. Kocha alimsifu mbele ya wote kwamba siku hizi ameanza kuwa nahodha wa kweli. Tulicheka sana siku ile, Mungu atusamehe.

Daktari wa timu naye nilimpiga chenga. Bango lake la herufi limetundikwa mbele ya kitanda cha kukandia misuli, nami nilijisingizia goti wiki nzima, nikalala pale na barafu, nikalikariri bango lote kwa jicho zima. Siku ya kupimwa alinifunika jicho la kulia, nikashuka hadi mstari wa mwisho bila kukwama. Akaandika kwenye faili na kuniambia nina macho ya mwewe. Nilitoka mle nikijiona mjanja kuliko watu wote duniani.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kipindi cha kwanza nilidaka vizuri, Shoka akipiga kelele hadi sauti ikamkauka, na mapumziko yakafika hakuna aliyefungwa. Tulipokuwa tukitoka nilipishana na kipa wao, mtu ninayemfahamu tangu ujanani, tukasimama kidogo, akaniuliza hali ya watoto, nikamuuliza ya mkewe aliyekuwa mgonjwa. Ndiyo yote tuliyozungumza.

Tulibadilishana magoli. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Ukifika kwenye goli la mwenzako, kwanza unafuta alama yake, halafu unachora yako. Na huyu jamaa, makipa wote tunajua, huchora yake hatua nzima kushoto mwa katikati, kwa sababu anaruka vizuri zaidi kulia. Nilishika nguzo ya kulia, ile ninayoiona, nikahesabu hatua nne, nikachimba mstari wangu. Nikatafuta wa kwake, sikuuona. Ulikuwa kushoto, ndani ya ukungu wangu. Ilinipasa nigeuze kichwa kizima, tendo la kitambo kidogo tu, lakini refa akapuliza kipenga nami nikajiambia mvua imeufuta.

Zilipobaki dakika sita wakapata kona. Nilitoka, nikaupiga mpira ngumi, ukaenda nje ya boksi upande wa kulia, nikaanza kurudi kinyumenyume. Kisigino kikapapasa, kikaingia kwenye mfereji mdogo, nami nikatulia hapo kama mtu aliyefika kwake. Mchezaji wao alipoinua kichwa aliona kitu ambacho nadhani hakuwahi kukiona katika mechi ya kulipwa: kipa amesimama kando, na upande wa kulia wa goli uko wazi kama mlango wa duka. Hakuhangaika hata kupiga kwa nguvu. Aliusukuma. Shoka alikuwa kimya, mpira ulikuwa upande ninaouona, na kweli niliuona, niliuona vizuri mno, nikaruka kwa urefu wangu wote na bado ulinipita kwa mkono mzima. Ulitambaa matopeni hadi nyavuni, na tukashuka daraja.

Chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyevua viatu. Mwenyekiti aliingia, akaamuru wote watoke, akabaki na kocha, daktari, mimi na Shoka, ambaye ni nahodha. Akafunga mlango. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake ulinitisha kuliko matusi.

"Uliongea nini na kipa wao mapumziko?" aliuliza.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema hata mwanawe mdogo anajua kipa anasimama wapi, na kwamba kesho asubuhi barua itakwenda kwa wakubwa wa ligi, nifungiwe maisha kwa kuuza mechi. Sikuwaza mkataba tena, huo ulishakufa. Niliwaza wanangu shuleni, wakiitwa watoto wa muuzaji. Niliwaza mke wangu akipima nguo wateja wanaonong'onezana juu ya kichwa chake. Jina ndilo lilikuwa limebaki, nami nililitaka zaidi ya nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nikasema kila kitu. Goti, ukungu, chai mezani, mstari. Kocha alifunika uso. Daktari wa timu alitoka, akarudi na faili langu, akalifungua mbele ya mwenyekiti. Jicho la kushoto, safi. Jicho la kulia, safi. Sahihi yake chini. Nikawaambia nilikariri bango, nikaanza kulisoma palepale, herufi moja baada ya nyingine, nikitazama ukuta mtupu.

"Hiyo inaonyesha unajua kudanganya, na hilo hatulipingi," mwenyekiti alisema.

Nikaomba nipimwe upya. Daktari akasema, bila ubaya wowote, kwamba mtu yeyote anaweza kusema haoni. Nikataja daktari wa macho wa upande wa pili. Mwenyekiti akasema vyeti vya hospitali vinanunuliwa kama nyanya. Ndipo nikamgeukia Shoka. Nilimtazama tu. Alikuwa ameinama akifungua kamba za viatu vyake, anafungua na kufunga tena. Mkataba wake una miaka miwili mbele, nami namjua, ana nyumba imefika kwenye linta. Sikumchukia. Hapana, nitasema ukweli, nilimchukia.

Kulikuwa na mpira chini ya benchi. Niliuokota, nikauweka mikononi mwake, nikaenda kusimama ukutani. Mwenye jicho zima, mpira ukimjia usoni, atapepesa hata umwambie asipepese. Hilo haliigizwi, na sote watano tulilijua. Nilijiziba jicho la kulia kwa kiganja na kuushusha mkono mwingine.

"Rusha upande huu," nilimwambia Shoka. "Kwa nguvu, ili wasiseme tumepanga."

Daktari alianza kusema jambo kuhusu hatari, mwenyekiti akamkatiza. Nilifikiria begi dogo ambalo mke wangu alikuwa amekwisha kulipanga kwa ajili ya Jumatatu, na kanga mpya aliyoikunja juu kabisa. Yeye alikuwa nje, getini, ananisubiri. Miaka kumi na sita sikuwahi kusimama mbele ya mpira bila kuinua mikono.

"Rusha," mwenyekiti alisema.

Sikujua umekuja hadi uliponipiga. Nilijigonga ukutani, nikateleza hadi chini. Kisha nikamsikia daktari, sauti yake imebadilika kabisa.

"Hakupepesa," alisema. "Hata kope haikutikisika."

Na baada ya hapo, polepole, kama mtu anayejisemea, Shoka akasema, "Nilikuwa najua. Tangu mwanzo nilikuwa najua."

Sikumwona akisema. Alikuwa kushoto kwangu, na kiganja kilikuwa kimekwisha kuanguka kutoka jicho la kulia, kwa hiyo nilimwona mwenyekiti, na mlango, na viatu vya kocha. Upande wa kushoto hata ule ukungu haukuwepo tena, giza tupu.