Kosa la Arnes

Kwa miaka minne Rosalie Chartrand aliandika, peke yake kwenye meza ya jikoni kwake Winnipeg, programu ya kuendeshea lugha ya kompyuta iitwayo Tamarak. Aliiita Seine, jina la mto unaopita nyuma ya nyumba yake. Ilikuwapo tayari programu ya Mzee Orval Thordarson, aliyeibuni lugha yenyewe, nayo pia ikiitwa Tamarak, lakini ilikuwa nzito mno kwa vipima baridi vidogo vya kando ya mito. Seine ilitosha humo. Ofisi ya mafuriko, yenye vipima hivyo, ingeichukua kwa sharti moja: chama cha watumiaji kithibitishe kwamba inaendesha Tamarak kweli.

Wanachama walikutana Jumamosi mchana maktabani, watu kumi na mmoja, pirogi za viazi alizopika Bohdan Kostyuk zikipoa mezani. Majaribio arobaini yalipita. La arobaini na moja likakwama.

"Hasi saba gawa kwa mbili, jibu namba nzima," Bohdan alisoma kwenye skrini. "Tamarak inasema hasi tatu. Yako, hasi nne. Pole, dada. Hii si Tamarak, ni binamu yake wa mbali."

Watu wakacheka.

"Kitabu cha lugha kinasema jibu lisipokuwa kamili tushuke chini kila mara," Rosalie alisema. "Chini ya hasi tatu na nusu ni hasi nne. Umezaliwa kwenye baridi hii ya Manitoba, Bohdan, hujui kuhesabu chini ya sifuri?"

"Kitabu ni kitabu tu. Programu ya mzee ndiyo Tamarak, hata jina ni hilo hilo! Ikisema tatu, ni tatu."

Rosalie akaitazama skrini. Ikiwa programu ndiyo lugha, itakosea vipi? Miaka minne ilikuwa inamponyoka.

Mzee Orval alikuwa akifunua kurasa za kitabu alichokiandika mwenyewe. Alisoma kifungu kimoja mara mbili, kidole chini ya mstari.

"Rosalie yuko sawa," alisema. "Nimekosea mimi."

"Ah, mzee!" Bohdan alisema. "Utaikoseaje Tamarak na wewe ndiye mwenyewe?"

"Ndilo tatizo hilo, bwana. Vitu viwili nimevipa jina moja. Uvivu wangu."

Akavuta kompyuta. Mbele yao wote akalifuta jina la programu aliyoijenga kwa miaka kumi na tisa, akaiita Arnes, kijiji cha mama yake. Jina la Tamarak akakiachia kitabu cha lugha. Kisha akafungua orodha ya makosa, akaandika: *Arnes haifuati Tamarak katika kugawa namba hasi. Seine inafuata.*

Rosalie aliisoma sentensi ile polepole. Asubuhi ya siku hiyo, programu na lugha zikiwa na jina moja, isingeandikika.

"Na sisi tuliozoea hasi tatu?" Bohdan aliguna.

"Tutarekebisha, wote. Lete karatasi ya ofisi."

Mzee akatia saini kwa niaba ya chama. Halafu akasogeza kiti karibu na Rosalie.

"Hebu nionyeshe ulivyoandika kugawa," alisema. "Nataka nijifunze."