Kilio cha Ghorofa ya Saba

Mume wangu Télesphore alinunua nyumba kama mtu anayeiba kuku. Hakuiba kitu, alichukua mkopo wa benki kama kila mtu hapa Toronto, mkopo utakaotuzika sote wawili. Nasema namna alivyokwenda: kimyakimya, akigeukageuka nyuma, akiniziba mdomo kila nilipotaka kumweleza mtu.

"Mama Carmel, tusisemeseme kwanza," aliniambia. "Batu bako na macho."

Macho hayo ya husuda yalianzia Bukavu. Kaka yake alikuwa anajenga huko, akawatembeza marafiki juu ya msingi, akawanywesha na bia, na kabla mabati hayajapanda akafa. Daktari alisema homa ya matumbo. Télesphore anasema ni wale wanywaji wa bia, na mpaka leo ukimtajia homa ya matumbo anakuangalia kwa huruma. Kwa hiyo tulitazama nyumba siku za kazi tu, wakati watu wa kanisa letu la Downsview wako viwandani, na Télesphore alimchagua dalali kwa sababu moja: hakuwa Mkongomani. Aliitwa Gulbanu, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mwenye Kiswahili kinachotushinda sisi wote.

"Mama, hapa utapumzika," Gulbanu aliniambia tukiwa tumesimama kwenye majani mbele ya nyumba moja ya Agincourt, upande wa pili wa mji. "Mtaa wa wastaarabu. Husikii hata mtoto akilia."

Nilidhani anausifia mtaa.

Ni mtaa mdogo uliopinda, hauna pa kutokea, umepewa jina la kijiji fulani cha Uingereza, na nyumba zake zote ni za matofali yaleyale. Jirani yetu wa kulia, bibi mjane, alitupungia mkono siku tuliyohamia. Ananipungia mpaka leo, na jina langu halijui. Wa kushoto alikuja mara moja tu, kutuonyesha majani yanatakiwa yasipite urefu gani. Télesphore alimshukuru mpaka nikaona haya, akanunua mashine ya kukatia majani kabla hatujanunua meza ya kulia chakula.

Mimi nilikubali kunyamaza kwa ajili ya chumba kimoja. Kiko chini, karibu na choo, na dirisha lake linaingiza jua la asubuhi. "Hiki ni cha mama yako," Télesphore alisema, na kwa hilo nampa haki yake, alisema kwa moyo. Mama alikuwa bado Bukavu, magoti yamemwisha, na karatasi zake za kuja zilikuwa zimeanza kutembea. Nilishamnunulia hata shuka. Kwa chumba kile ningenyamaza mwaka mzima.

Lakini kunyamaza kwenyewe kulikuwa wazimu. Pasta Bernard ana gari kubwa, na kila Jumapili baada ya ibada huwarudisha watu makwao. Sisi aliendelea kutushusha Parkdale, kwenye jengo la zamani, tulikopanga ghorofa ya saba tangu tuingie Kanada. Tulishuka, tukampungia mkono, tukafungua mlango wa chini kwa namba ambayo wenye jengo hawajaibadilisha, tukasimama kando ya masanduku ya barua mpaka gari lipotee. Kisha tukatoka kwenda kutafuta usafiri wa kurudi Agincourt, mji mzima kuuvuka, viatu vya kanisani vikiniuma. Siku moja binti yetu Carmel aliuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini tunaishi kama watu wanaotafutwa na polisi. Baba yake alimwambia anyamaze. Katika nyumba ile sote tulikuwa tunaambiwa tunyamaze.

Mama alikufa mwezi wa saba. Kaka yangu alipiga simu asubuhi, sauti inakatikakatika, akasema amekwenda na wanamzika kesho. Vita vilikuwa vimefunga uwanja wa ndege wa Bukavu. Hata ningepata tiketi ya bure nisingefika. Basi kilio cha Toronto ndicho kingekuwa mazishi yangu. Sikuwa na mengine. Ama ningemlilia mama hapa, na watu wangu, ama nisingemlilia kabisa.

Niliwaandikia wanawake wa kanisa kwenye kundi letu la simu maneno mafupi tu: Mama yangu ametutoka. Kisha nikashika kazi. Nilikokota makochi mpaka gereji, nikatandika magodoro na mikeka sebuleni, maana kilioni kwetu wanawake hukaa chini na mfiwa, humlaza kifuani, hulala naye palepale, mpaka mwenyewe aone ameshiba machozi. Sebule ile ni kubwa. Kwa mara ya kwanza niliona faida ya ukubwa wake.

Télesphore alirudi kazini mbio, akakuta magodoro.

"Huku?" alisema. "Mama Carmel, huku haiwezekane. Nitaomba Pasta atupatie sale ya kanisa, ile ya mikutano."

"Mama yangu si mkutano. Atalia na mimi kila mtu hapa, kwangu. Piga simu ubaambie batu fasi tunaikala, ubape anwani."

"Nitabaambia leo mangaribi. Pole pole, basishituke."

Pole pole! Nilimwachia, kwa sababu kichwa changu hakikuwa kwenye simu tena. Na yeye, katika hofu zake zote, alikuwa amesahau kitu ambacho mtoto yeyote wa kwetu anakijua. Kilioni mtu haalikwi. Haulizi anwani, hapigi hodi. Ukisikia tu, unafunga kitenge kiunoni, unabeba sufuria, unakwenda. Na kulia unaanzia njiani, ili mfiwa awasikie mkiwa bado mbali, ajue kwamba hayuko peke yake.

Mama Brice, kiongozi wetu wa wanawake, aliomba ruhusa kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Wengine walitoka viwandani na makoti yao ya kazi. Wakakutana Parkdale, wakaingia na namba ileile ya mlango, na kwenye lifti wakaanza. Ghorofa ya saba walifika sauti zimeshafunguka.

Nyuma ya mlango wetu wa zamani sasa inaishi familia ya Kitibeti. Mama wa nyumba, kusikia wanawake wanapiga kelele koridoni, alifungua aone nani amechinjwa. Wakampita. Wakajitupa chini kwenye zulia lake, wakamwita mama yangu kwa jina, Nabintu, Nabintu we, mtoto umemwachia nani. Walilia kilio chao chote, kile kinachotoka tumboni, kisichobaki kitu. Ni baadaye tu, mmoja wao alipoinuka anitafute anifute machozi, ndipo wakaona simo.

Simu yangu ikalia.

"Spéciose," alisema Mama Brice. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuniita jina langu. Kwake mimi ni Mama Carmel. "Uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Nyumbani gani? Siye tuko kwako. Tunakuta batu hatubajue, na banatupatia chai."

Nilimwambia. Ningefanya nini tena? Nilimsikia akiwapasha wenzake: wamenunua nyumba, iko Agincourt, tangu baridi kuisha. Kulia kulikatika palepale. Kisha akarudi kwenye simu, sauti yake ndogo.

"Na Pasta anayebashusha hapa kila siku ya ibada, na yeye mulikuwa munamudanganya?"

Nikampa anwani.

Walifika jua linaanza kushuka. Nilikuwa nimekaa kwenye godoro katikati ya sebule, madirisha wazi kwa ajili ya joto, masikio yote yako nje, nikisubiri kuwasikia tangu mbali. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa. Basi. Walikuja juu ya kile kinjia cha mawe mmojammoja, kimya, kama watu wanaoingia hospitali. Mlangoni wakavua viatu, wakavipanga vizuri ukutani. Mama Brice aliangalia dari, akaangalia ngazi, akaangalia magodoro. Nilimnyooshea mikono yote miwili. Aliinama akanipa mkono wa salamu.

Mkono! Mwanamke aliyenishika kiuno nikimzaa Carmel, ananipa mkono kama mtu wa benki.

Waliomba wakiwa wamesimama, ombi fupi, zuri, halina kosa. Sufuria ya maharagwe wakaipeleka jikoni. Télesphore akatokea na sinia ya soda na uso wa kucheka, akaanza kueleza kwamba tulitaka kuwaandalia sherehe ya kuwashangaza, kwamba mambo ya karatasi za nyumba yalikuwa hayajakaa sawa. Hakuna aliyeinua glasi.

"Papa Carmel," Mama Brice alimwambia, "siye tungebafanya nini?"

Hata mimi nilikuwa namsubiri ajibu, maana ndilo swali nililokuwa nalibeba tangu siku ya kwanza ya masanduku ya barua. Télesphore aliweka sinia chini na kwenda kukaa kwenye ngazi.

"Mama Brice, ikala basi," nikasema. "Muikale wote. Tulie."

"Tulisha kulia kule."

Nilitafuta hasira kwenye uso wake, sikuiona. Ningeipata ningefurahi, hasira naiweza. Alikuwa amechoka tu.

"Machozi iliisha kule, Spéciose. Unataka sasa tujifanye?"

Sikutaka wajifanye. Nilimuuliza, kama mjinga, nani alianza. Akanieleza: alianza mama yake Yvan, wimbo wa kuvuka mto, na Mélissa, yule msichana wa kwaya, aliishiwa nguvu mpaka wakamlaza. Yule Mtibeti mwanzoni aliogopa, kisha akachuchumaa kati yao, akashika mkono wa aliyekuwa karibu, akalia naye. Hakujua anamlilia nani. Aliuliza jina la marehemu, wakamwambia, akalirudia mpaka likamkaa mdomoni.

Nilimwonea wivu mwanamke yule, Mungu anisamehe. Mama yangu alililiwa kwake.

Waliondoka mapema, kesho kazi. Mama Brice alinigusa bega akipita, akasema tutaonana kanisani. Wakavaa viatu vyao, na nikasikia gari likigeuka taratibu kwenye mtaa ule uliopinda. Carmel alipanda chumbani kwake, akasema samahani, na mlango wake ukafungwa. Tukabaki mimi na magodoro, na Télesphore kwenye ngazi.

Nilikumbuka kwamba kule Bukavu kaburi lilikuwa linachimbwa. Nikajisemea, kama hakuna wa kulia na mimi nitalia mwenyewe. Nikalaza mikono kichwani, nikaanza jinsi mama alivyotufundisha, tangu tumboni, bila kubana kitu. Nabintu we! Nabintu, mtoto umemwachia nani! Sauti ilijaa sebule, ikatoka nje, ikaenda juu ya majani yaliyokatwa, na sikujali.

Télesphore akainuka kwenye ngazi. Nilimwona kwa pembe ya jicho anakuja, soksi zake hazitoi sauti, na moyo wangu ukamsamehe yote, nyumba, Parkdale, yote. Nikasogea kwenye godoro nimpe nafasi.

Alinipita. Alikwenda kufunga madirisha, moja baada ya jingine, mpaka lile la chumba cha mama.