Kopo la Salfa

Katika kiwanda chetu cha mpira mjini Diadema kopo la salfa lilikuwa na sheria yake, na aliyeiweka ni baba yangu, Valdomiro, kabla sijazaliwa. Ukikanda mpira kwenye rola unatia masizi, unatia mafuta, unatia makorokoro yako yote, na salfa inakuja mwisho. Ukishaimwaga, kopo unalifunika juu ya rafu, mdomo chini. Likishafunikwa, salfa imeshatiwa, hakuna wa kuuliza. Salfa ikikosekana, mpira unatoka kwenye presi unanata kama donge la unga mbichi, na kila mtu anauona. Ikizidi ndiyo balaa: unatoka mzuri, unang'aa, halafu unakakamaa na kupasuka ukiwa ndani ya gari.

Baba alikanda mpira miaka arobaini na mmoja. Mimi, Ivonete, nilikuwa kwenye presi, mashine inayoubana mpira kwenye kalibu kwa moto, hatua kumi kutoka kwake. Genésio, mwenzangu wa presi ya pili, alikuwa akimchokoza kila asubuhi.

"Mzee Valdo, leo umetia salfa au sukari?"

"Ningetia sukari, ungekuwa umeshailamba rola, mlafi wewe!"

Tulicheka hivyo miaka na miaka.

Mwaka jana nikaacha kucheka. Mara ya kwanza mpira uliponinatia kwenye kalibu, niliukwangua nikiwa nimewapa watu mgongo, nikamwambia Bwana Anselmo, mwenye kiwanda, kwamba presi haikupata moto. Mara ya pili nikasema vilevile. Tangu hapo nikawa nafanya kazi jicho moja kwenye presi, jicho moja kwenye kopo. Nifanyeje? Mama alipokuwa anatutoka alinishika mkono akasema, "Baba yako usije ukamtoa pale. Ukimtoa pale umemzika." Nikamwahidi. Wewe ungekataa?

Basi mwezi wa nane jino likaniuma mpaka nikashindwa kuona. Nikaenda kung'olewa, Genésio akabaki na presi zote mbili. Niliporudi watu walikuwa kwenye kahawa ya saa tisa na lori lilikuwa getini, limeshapakia mipira mia mbili ya breki za mabasi. Nikachukua mmoja kutoka kwenye boksi la mwisho, nikaukunja. Ukakataa. Nikaulazimisha, ukatoa mstari mweupe pale kwenye mkunjo. Nikamwendea baba penye rola.

"Baba, salfa umetia mara ngapi?"

"Kopo limefunikwa. Huna macho?"

Genésio akanivuta pembeni. "Dada, asubuhi niliona limefunikwa. Mzee akaenda kunywa maji. Kurudi, nikaliona limesimama, limejaa. Halafu likafunikwa tena. Nikadhani ni mkando mwingine."

"Ukanyamaza?"

"Ni Mzee Valdo, bwana. Nimuulize nini mimi?"

Nikapiga kelele lori lisitoke. Mabasi yale yanateremka milima yetu yamejaa watu wanaotoka kazini. Hilo sikuwa na haja ya kulifikiria. Bwana Anselmo akaja, akaukunja mpira mwenyewe, akamgeukia Genésio.

"Umeuchoma. Presi zilikuwa mikononi mwako tangu asubuhi. Vua aproni."

Genésio akanitazama. Ana watoto wanne, na mke wake anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Alijua yote, na alinyamaza kwa ajili yangu, mjinga yule mwenye moyo wa dhahabu. Na mimi ningenyamaza tu, yangekwisha: mipira inatupwa, Genésio anakwenda zake, baba anabaki. Niliwaza hivyo, sitadanganya. Nilimwangalia baba pale penye rola, anafuta mikono taratibu.

"Si presi," nikasema. "Ni baba. Ametia salfa mara mbili. Na zile siku mbili za mpira kunata alisahau kutia, mimi ndiye niliyedanganya."

Baba akanyoosha kidole kwenye rafu. "Lakini kopo limefunikwa," akasema. "Anselmo, tazama. Limefunikwa." Alilirudia neno hilo mpaka getini, nimemshika mkono, na wanaume wazima walikuwa wanalia.

Sasa yupo nyumbani. Amesahau mtaa, amesahau mazishi ya mama. Lakini kwamba kuna mtu alimsemea kwa Bwana Anselmo, hilo halijamtoka. Na ameamua ni Genésio.

Kila Jumapili Genésio anakuja na mikate ya jibini ya moto, baba anamfungia mlango. "Msaliti! Nilikufundisha kazi!" Genésio anaketi nje kwenye ngazi, anakula mmoja, mingine ananipitishia dirishani.

"Leo namwambia ukweli," nikamwambia Genésio Jumapili iliyopita.

"Acha, dada. Mimi ana haki ya kunichukia. Wewe akikuchukia, atabaki na nani?"

Sikumsikiliza. Nikaingia jikoni. Baba alikuwa ananitengenezea kahawa.

"Baba, aliyekusemea ni mimi. Si Genésio. Mimi, Ivonete."

Akacheka, akanipapasa shavu kwa vidole vyake ambavyo masizi hayajawahi kuvitoka.

"Usimfichie mtu makosa, mwanangu. Wewe huwezi kunifanyia hivyo. Wewe ndiye uliyekuwa unaniangalizia kopo. Unadhani sikuwa nakuona?"

Akatia sukari kwenye kikombe changu, akalifunika kopo la sukari mezani, mdomo chini. Akatazama dirishani kidogo. Kisha akalisimamisha, akalijaza, akatia tena, akalifunika.

"Kunywa," akasema.

Nikainywa yote.